Mtungi wa binti yangu haupoozi maji

Nyumbani kwetu Kimara kuna mitungi miwili. Mmoja uko jikoni nyuma ya mlango, umekalia kata ya kitambaa, una kifuniko cha bati na kikombe cha plastiki juu yake. Huo aliufinyanga mama yangu mzazi kule Ikombe, mwendo wa mtumbwi kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwingine uko sebuleni pembeni ya televisheni, na kila mgeni anayeingia huusogelea, huugusa, kisha huuliza bei. Huo aliufinyanga binti yangu huko Ujerumani mwaka jana, na tangu ufike nyumbani umezua mjadala ambao haujaisha mpaka leo.

Niwaeleze kwanza alifikaje huko, maana wazazi wengi wameniuliza. Kuna vituo vya sanaa ambavyo humwalika msanii akae pale kwa wiki au miezi kadhaa. Wenyewe huita ukaazi wa wasanii. Anapewa chumba cha kulala, meza ya kufanyia kazi, udongo, tanuri, fedha kidogo ya kula, na kitu kimoja ambacho mimi, mama wa watoto watatu, sijawahi kupewa na mtu: muda usiodaiwa. Hakuna anayemgongea mlango kuuliza soksi ziko wapi. Mwisho wa muda huo anaonyesha alichotengeneza, anaacha kazi moja pale kituoni, anarudi kwao. Binti yangu alipata miezi mitatu.

Baba yake aliisoma barua ya mwaliko mara mbili akitafuta palipoandikwa mshahara. Hakupaona. "Kwa hiyo wanamlipia nauli ya ndege akachezee udongo?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hasa. Akakunja barua vizuri, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kuangalia taarifa ya habari.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kusita, na hazikuwa za mshahara. Mimi ni mtoto wa udongo. Kwetu Ukisi wanaume ni wavuvi, wanawake ni wafinyanzi. Nimebeba udongo kichwani kabla ya kwenda shule, nimeutwanga, nimeuchambua vijiwe, nimemshikia mama taa ya kandili akizungusha chungu juu ya kigae. Jumamosi tulivipanga vyungu ndani ya mtumbwi, tukavitandikia nyasi, tukaenda sokoni Matema. Kikivunjika kimoja njiani, daftari limekwenda. Vikivunjika vitatu, mwalimu atanirudisha nyumbani kwa ada. Mama alikuwa akilisema jambo hili wazi, bila kulipamba: nafinyanga ili wewe usifinyange. Nikasoma, nikawa muuguzi, nikaolewa, nikahamia mjini. Sasa mjukuu wake amemaliza chuo kikuu, ana shahada yake ya uhasibu mkononi, anataka kurudi kwenye udongo ambao mwenzake alinitoa kwa jasho. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi nilisema nenda, lakini nililisema polepole.

Kutoka huko alikuwa akinitumia picha na sauti kwenye simu. Mtungi wa kwanza ulipasuka tanurini kwa sababu haukukauka vizuri: maji yaliyobaki ndani ya ukuta wa udongo yaligeuka mvuke, yakatafuta pa kutokea. Bibi yake angemwambia hilo bure, ndiyo maana kwetu msimu wa mvua kubwa watu hawachomi. Wa pili ulitoka mzima lakini glezi ilichuruzika mpaka chini, ikaugandisha kwenye rafu ya tanuri, ikabidi uvunjwe. Wa tatu ndio huu.

Kwa asiyeijua, glezi ni kioo. Ule mng'ao unaouona kwenye sahani au kikombe cha kauri ni kioo chembamba kilichoyeyukia juu ya udongo. Hutengenezwa kwa unga wa silika, ambayo ndiyo mali kuu ya mchanga mweupe, ukichanganywa na vitu vya kuilegeza, kwa kuwa silika peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1,700, na tanuri za kawaida hazifiki huko. Majivu ya kuni huilegeza, chokaa pia, na jiwe linaloitwa feldispa. Unatiwa na udongo kidogo ili kioo kisikimbie chote. Rangi huletwa na madini: chuma hutoa kahawia, kobalti hutoa bluu, shaba hutoa kijani. Mchanganyiko huo hukorogwa na maji kama uji mwepesi, humwagiwa chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, kisha chombo hurudi motoni. Binti yangu alichoma kwenye nyuzi 1,250. Moto wa wazi wa nyasi na kuni, kama wa mama yangu, kwa kawaida haupiti nyuzi 900.

(Neno letu kauri, kabla ya kuwa la sahani na vikombe, ni la yule simbi wa baharini anayeng'aa. Binti ndiye aliyenionyesha kwamba Wataliano nao walifanya hivyo hivyo: porcellana lilikuwa jina la simbi huyo, baadaye likahamia kwenye vyombo. Watu wa pwani mbili tofauti walikiona kitu kimoja.)

Basi mtungi wenyewe. Tumbo lake ni la mtungi wa Ikombe kabisa, pana chini kidogo ya katikati, ningelitambua hata gizani. Shingo ndiyo aliyoibadilisha: ameipindisha upande, kama mtu aliyeinamisha kichwa akimsikiliza mtoto. Unanifikia magotini. Rangi ya udongo ni kahawia iliyokolea, na juu ya mabega amemwaga glezi ya kijani akaiacha iteremke yenyewe. Imeteremka kwa michirizi, na kila mchirizi umeishia kwenye tone nene, gumu, linalong'aa, vidole viwili kabla ya kufika chini. Nilipomuuliza matone yale ni nini aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la wazi. "Ni jasho, mama. Si unajua mtungi wa Bibi unavyotoka jasho?"

Mwezi wa pili mama alikuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki ya macho. Alifika jioni, akasalimiwa, akapewa chai, akaonyeshwa mtungi. Aliinama akaupapasa kwa viganja vyote viwili, kuanzia chini kwenda juu, kama anavyopapasa vyake. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ulilia mlio mkali wa kengele, tofauti na mlio mzito wa chungu cha kwetu. "Mgumu," akasema. Akakaa. Hakuongeza neno, na binti yangu alisubiri neno hilo mpaka chakula cha usiku kikaisha.

Tulipokwenda kulala, yeye hakulala. Alichota maji ya ndoo moja, akaujaza mtungi wa sebuleni na ule wa jikoni sawasawa. Alfajiri akatuita wote, hata baba mtu akatoka akiwa na taulo begani.

"Shika huu," akamwambia mjukuu wake. Mtungi wa jikoni ulikuwa umelowa nje, kata yake imelowa, ukigusa unasikia ubaridi. "Haya, shika na huu." Mtungi wa sebuleni ulikuwa mkavu kama sahani kabatini, na maji yake yalikuwa ya uvuguvugu kama tulivyoyaacha.

"Mtungi wako unaigiza jasho," mama akasema.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Binti naye alicheka, kisha nikamwona amenyamaza, anautazama ule ukavu.

Wenye watoto wa shule wanaweza kuitumia alfajiri hiyo kuwafundisha sayansi. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya taratibu, yakifika nje hupeperushwa na hewa, na yanapopeperuka huondoka na joto. Ndiyo friji ya bibi zetu, haina umeme wala fundi. Moto mkali huubana udongo, glezi huziba kilichobaki. Ukishapata mng'ao umepoteza ubaridi. Hupati vyote viwili kwenye chombo kimoja.

Mama alipotaka kuyachota maji yale anywe, mjukuu wake aliruka. "Bibi, hayo si ya kunywa!" Hapa naomba niweke kofia yangu ya uuguzi. Glezi ya sanamu haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Ikiwa na shaba nyingi, au madini mengine ya kuleta rangi, inaweza kuyaachia taratibu, hasa ikikutana na vitu vichachu kama ndimu, ukwaju au mtindi. Mbaya zaidi ni glezi yenye risasi, ambayo bado huonekana kwenye baadhi ya vyombo vya kale na vya mapambo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Sahani nzuri ya ukutani uliyopewa zawadi usiipakulie watoto kachumbari. Iache ukutani.

Tuendelee. Siku ile jioni binti alikaa na bibi yake kwenye mkeka akamfungulia picha kwenye simu. Alimwonyesha Ladi Kwali. Mimi mwenyewe nilikuwa simjui mama huyu, nikasogea. Alizaliwa miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwali, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa wanawake wa ukoo wake, akawa anatengeneza mitungi ya maji kama mama yangu. Mwingereza mmoja aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi, Michael Cardew, aliiona mitungi yake nyumbani kwa Emir wa Abuja. Mwaka 1954 akaingia kwenye kituo cha mafunzo cha Cardew katika mji huo, ambao leo unaitwa Suleja, akawa mwanamke wa kwanza pale. Hakuacha mikono yake ya kijijini. Aliujenga mtungi kwa kuuzunguka yeye mwenyewe, akirudi kinyumenyume, akauchora mijusi, nge, mamba na nyoka. Kilichobadilika ni mwisho wa safari: mitungi ile sasa ilipakwa glezi, ikachomwa kwa moto mkali.

Na kuanzia hapo, ukifikiri vizuri, haikuwa tena mitungi ya maji. Iliacha kutoka jasho. Ilipelekwa London kwenye maonyesho, ikanunuliwa na makumbusho. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na ingawa alifariki mwaka 1984, Wanigeria wanambeba mfukoni hadi leo: picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20.

"Mfinyanzi kwenye hela?" mama akauliza. Akaomba simu isogezwe karibu na jicho lake zima. Akaiangalia noti ile kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mtungi wa mjukuu wake.

Kisha binti akafungua picha nyingine, za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Akiwa mwanafunzi wa sanaa Uingereza, mwaka 1974 alikwenda kwenye kituo kile kile cha Abuja, akakaa na kujifunza kwa wanawake wa pale, Ladi Kwali akiwamo. Lakini yeye alichukua njia yake. Hapaki glezi. Anaupaka mtungi udongo mwepesi, anausugua mpaka ung'ae wenyewe, kisha moto ndio unaoamua uwe wa rangi ya machungwa au mweusi. Mwaka 2020 alipewa na Waingereza cheo cha Dame, na vyombo vyake viko kwenye makumbusho yao makubwa.

Mama aliigusa skrini kwa kucha. "Huyu anasugua," akasema, na sauti yake ilibadilika. Kwa mara ya kwanza jioni ile alikuwa anamwongelea mtu wa kazi yake. "Huyu anatumia kijiwe. Tazama hapa begani, hajaruka mahali. Huyu kafundishwa na watu."

Sasa nifike kwenye fedha, maana kwenye familia ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mgeni mmoja wa jirani yetu aliuona mtungi wa binti akatoa ofa ya shilingi milioni mbili na nusu. Mtungi wa mama sokoni Matema hauzidi bei ya kuku, tena kuku mdogo. Mume wangu, ambaye mpaka siku hiyo aliuita "ile kitu," alianza kuwakemea wadogo zake wasirushe mpira sebuleni. Yeye alitaka uuzwe kesho yake. Binti akasema ukiuzwa, nusu ni ya Bibi, kwa sababu tumbo la mtungi ni la Bibi. Kwenye karatasi ya maonyesho kule Ujerumani waliandika jina lake, mwaka, aina ya udongo na neno glezi, basi. Jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni. Umbo lile hajalibuni yeye.

Mama alikataa nusu ile. "Sikuufinyanga mimi. Na tumbo hilo si langu, nililikuta kwa mama yangu, naye alilikuta. Utazigawa hela hizo mpaka makaburini?"

Mimi ningezichukua, nawaambieni ukweli. Paa la nyumba yake linavuja, na mwanamke aliyefinyanga miaka hamsini bila mtu kuandika jina lake popote ana haki ya kupokea kitu jina hilo linapoanza kuwa na thamani. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, tukiwa wawili jikoni. Alinijibu kwamba paa litaezekwa kwa vyungu kama nilivyosomeshwa kwa vyungu, halafu akaniuliza kama kuna dagaa.

Lakini asubuhi ya kuondoka alimgeukia mjukuu wake kituo cha mabasi. "Wale walikupa chumba miezi mitatu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwangu pia chumba kipo. Hela ya kula sina, utakula tutakachokula. Njoo mvua ikikatika."

Nilidhani ni maneno ya kuagana. Binti hakudhani hivyo. Alimwomba yule mgeni wa jirani asubiri kwanza kuhusu ule mtungi, na mwezi wa sita akapanda basi la Kyela. Baba yake alimpa nauli, na safari hii hakuuliza mshahara. Aliuliza tu kama kule kuna mtandao.

Upo, ila wa kubahatisha, na ndiyo maana habari zinatufikia kwa vipande. Alfajiri anakwenda kubeba udongo na wanawake wenzake, wengine umri wangu, wanaomcheka anavyotembea na mzigo kichwani. Mchana anafinyanga, jioni Bibi anapita kukagua. Chungu asichokipenda hakisemi vibaya, anakichukua tu na kukitumbukiza kwenye maji ya pipa, udongo usiochomwa ukilowa hurudi kuwa udongo, kesho unaanza tena. Katika wiki tano za kwanza pipa lilimeza kazi zake zote. Aliniambia kwa simu kwamba Ujerumani alikuwa na tanuri linaloonyesha joto kwa tarakimu, na sasa bibi yake anasoma joto kwa rangi ya kaa la moto, huku jicho moja likiwa na ukungu, na hakosei.

Usidhani amesilimu na kuikana glezi. Anasema akirudi atapaka tena, na ana mpango wa kujaribu majivu ya pumba za mpunga wa Kyela, kwa kuwa yana silika nyingi. Bibi ameyasikia mapango hayo, amesema majivu yapo, achukue mengi.

Wiki iliyopita, hatimaye, mtungi mmoja ulinusurika na pipa. Uliwekwa motoni pembezoni, nyuma ya vile vya Bibi ambako upepo haufiki, ukatoka mzima. Jumamosi ukapakiwa kwenye mtumbwi pamoja na vingine kwenda Matema. Mwanamke mmoja kutoka Tukuyu aliuinua, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaomba apunguziwe shilingi mia tano, akapunguziwa, akaondoka nao kichwani.

Nilimuuliza mama kama yule mnunuzi aliambiwa umefinyangwa na nani. Akasema hakuuliza.